Anayeufuta Mto Kasengwe

Jumanne, 4 Machi 2025

Kasengwe imepata ukurasa wake. Leo asubuhi, kabla ya wateja wa kibanda changu cha kupiga mashine na fotokopi kuanza kupanga mstari. Mistari michache tu: mto mdogo, unaanzia vilima vya upande wa Kipushi, unapita kijiji cha Mwelwa, unaingia mto mkubwa zaidi. Basi. Nimebonyeza "chapisha", halafu nikakaa kuuangalia kama mama anayeangalia mtoto aliyelala.

Kwa Kiswahili, Katanga yetu kwenye Wikipedia ni kama nyumba zilizohamwa. Jina la mji, jina la jimbo, halafu kimya. Ninajaza polepole. Nilianza na stesheni za reli, kwa heshima ya babu aliyekuwa fundi wa reli Sakania. Halafu masoko. Sasa mito.

Sina njia ya ajabu. Kitu kimoja kwa wakati, kikamilike. Bila chanzo siandiki. Ninachokijua kwa macho yangu tu kinabaki nje, hata kikiniuma. Na maneno ya kupamba — hapana. Mto hauhitaji kuitwa mzuri.

Zamani mkabidhi mmoja wa Tanzania, msimamizi wa kurasa kule, anajiita Mwandani, alinirekebisha: si muntu, ni mtu, si mutoto, ni mtoto. Sikukasirika. Nyumbani nasema muntu, kule naandika mtu. Humu ndani ya daftari inatoka inavyotoka.

Nimeweka pia aya moja juu ya hali ya maji. Imetoka kwenye makala ya Faustin, assistant wa kemia ku université. Mémoire yake, tasnifu ya kumaliza chuo, niliipiga mashine mimi mwenyewe hapa kibandani, ndiyo tulivyojuana. Alipima maji ya mto juu ya mabwawa ya maji machafu ya kile kiwanda cha shaba kilicho upande wa juu wa Mwelwa, akapima na chini yake. Chini, shaba na kobalti zilikuwa nyingi zaidi. Jarida la chuo lilichapisha. Nimeandika hivyo hivyo. Nimeandika pia jibu la kiwanda walilotoa gazetini: kwamba maji yote yanasafishwa kabla ya kutoka. Pande zote mbili. Kila moja na tanbihi yake.

Courant ya umeme imekatika kabla sijafunga mashine. Sijali. Ukurasa uko.

Ijumaa, 7 Machi

Aya imefutwa.

Si ukurasa wote. Aya ya maji tu. Aliyefuta anajiita Nuru ya Katanga, akaunti mpya. Sababu aliyoandika: habari zisizothibitishwa. Nimerudisha, nikaeleza kwa upole kwamba tanbihi ziko chini, asome. Mchana amefuta tena.

Mkono ulitaka kurudisha palepale. Nimeuzuia. Narudisha mara moja tu, ya pili naenda kwenye majadiliano. Wanaofuta na kurudisha kutwa nzima wanafanana na watoto wanaogombea kiti.

Nimemwandikia kwenye ukurasa wa majadiliano: Ndugu, karibu. Kipi hakijathibitishwa?

Jumatatu, 10 Machi

Nuru ya Katanga anajibu. Kumbe ana adabu. Kiswahili chake kimenyooka, si cha mtaa wetu wa Kenya, kina harufu ya mashariki ya nchi. Anasema makala ya Faustin ni kazi ya kijana tu. Nimemjibu kwamba jarida lina wahakiki, na umri wa mwandishi si hoja. Anasema vipimo vilifanywa wakati wa mvua tu, lakini mimi nimeandika kana kwamba mto uko vile mwaka mzima.

Hapo nimesimama. Nimefungua makala tena.

Ana haki. Faustin alipima masika tu. Nimeandika kwenye majadiliano kwamba aya ikirudi, iseme "katika msimu wa mvua". Nimemshukuru. Sikumshukuru kwa meno — kwa kweli. Ukurasa umekuwa bora kwa sababu yake.

Nimepiga mashine barua za wateja siku nzima nikiwa na furaha ya kipumbavu. Ni nadra kupata mtu wa kubishana naye vizuri.

Jumatano, 12 Machi

Nimesoma mara kadhaa nikidhani macho yananidanganya.

Nuru ya Katanga ameandika: Wasomaji wajue kwamba mhariri huyu ana maslahi binafsi. Mama yake analima kando ya mto Kasengwe.

Ni kweli. Mama ana shamba lake la mihogo na mboga pale Mwelwa tangu tulipokuwa wadogo. Lakini kule kwenye kamusi elezo mimi ninaitwa Stesheni. Jina langu, Brigitte, halipo popote. Jina la Mama halipo. Shamba sijawahi kulitaja, hata kwa Mwandani.

Nani anajua Stesheni ni mimi? Faustin, lakini Faustin hajui kama Mama ana shamba. Myriam mdogo wangu anajua yote mawili. Na labda mume wake, Kambale.

Kambale anafanya kazi kwenye ofisi ya mawasiliano ya kile kiwanda. Tangu Januari.

Sitaki kuendelea kuandika leo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimelala na hasira, nimeamka nayo. Ningeweza kukana. Nani angethibitisha? Stesheni ni jina tu.

Lakini siwezi kudai tanbihi kwa watu huku mimi mwenyewe nikificha. Na hoja yenyewe ni ya haki, hata kama mkono ulioileta ni mchafu. Nimeandika:

"Ni kweli. Mama yangu ana shamba pale. Nilipaswa kusema siku ya kwanza. Kuanzia leo sihariri ukurasa huu. Nitapendekeza hapa, wengine wataamua."

Ilikuwa kama kukabidhi mtoto kwa majirani.

Mwandani amejibu kabla ya saa sita. Amesema asante. Amesoma vyanzo yeye mwenyewe, ameirudisha aya pamoja na yale maneno ya msimu wa mvua. Halafu amemuuliza Nuru ya Katanga: na wewe je, una uhusiano wowote na kiwanda?

Hakuna jibu.

Mimi ninalo jibu. Sentensi moja ingetosha. Lakini sheria ya kule iko wazi: hakuna kumtaja mtu ni nani nje ya kamusi. Niliiandika hata hivyo, niione tu: Huyu anaitwa Kambale. Niliitazama. Nikaifuta kabla ya kuituma.

Si sheria tu. Ni mume wa mdogo wangu.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya misa nimekwenda kwa Myriam. Nyumba imejaa siku hizi. Mama yake Kambale alikimbia kutoka Lubero, kule mashariki, mwezi uliopita kwa sababu ya vita. Amefika na wajukuu wawili na nguo alizovaa. Anakaa sebuleni kwenye kiti karibu na dirisha, haongei sana. Nimemwamkia kwa magoti. Amenishika mkono muda mrefu.

Kambale alikuwa nyuma ya nyumba, anafunga waya wa antenne. Nimemsogelea.

"Shemeji," nilimwambia, "Nuru ya Katanga ni weye?"

Hakugeuka mara moja. Alimaliza kufunga. "Umeshasema kwa bantu?"

"Sikusema. Sheria inakataza. Na hata ingekubali, nisingesema."

Akakaa kwenye tofali. Alionekana mchovu kama mtu aliyebeba sementi. "Patron wa ofisi alinipa ile kazi. Kila pahali kwenye jina ya kiwanda inatoka ku internet, niangalie, nisafishe. Kwanza sikujua ni wee. Halafu nikafungua kuona ule muntu aliandika nini ingine. Nikakuta stesheni ya Sakania, na depo yake, na mwaka balijenga tanki ya maji. Yaya, nani mwingine mu hii dunia anaandika juu ya tanki ya maji ya Sakania?"

Ananiita yaya, dada mkubwa, kama mdogo wangu anavyoniita. Nilitaka kucheka. Sikucheka. "Na Mama, ulimuingiza juu ya nini? Anakupikia sombe kila Pasaka."

"Patron alikuwa anasimama nyuma yangu."

Watoto wa Lubero walikuwa wanacheza na kifuniko cha sufuria.

"Minajua haiko vizuri," akasema. "Lakini ona ile nyumba. Mama yangu iko pale. Nikikosa kazi, anaenda wapi? Kule kunaungua."

"Sikuambii uache kazi. Njia iko. Unaandika pale: mimi ni mfanyakazi wa kiwanda. Ni vile tu. Halafu unabishana mpaka uchoke, hakuna mwenye atakufukuza. Ulibishana muzuri, Kambale. Ile ya msimu wa mvua, ulinishinda."

Aliinua macho. Nadhani hakutegemea sifa. "Nikisema vile, patron atauliza nani alinifundisha."

Myriam akatokea mlangoni, mikono ina unga. "Munasema nini kule?"

"Mambo ya internet," nikamjibu.

"Internet haishibishe muntu. Mukuye mukule."

Tumekula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo na samaki, hakuna nyama, ni Kwaresima. Kambale amenipa kipande kikubwa cha samaki bila kuniangalia.

Alhamisi, 20 Machi

Jana jioni mvua ilipiga mpaka mabati yalilia. Asubuhi Mama amenipigia simu: "Kuya uone."

Nimefunga kibanda, nimechukua moto, pikipiki ya abiria, hadi Mwelwa.

Kasengwe haikuwa na rangi yake. Ilikuwa ya kutu, na pembeni kijani kama ya sarafu ya zamani. Harufu inakwaruza koo. Samaki walikuwa kwenye majani ya ukingo, wadogo na wakubwa pamoja, matumbo juu. Wanawake walisimama na mabeseni. Mihogo yao ilikuwa mtoni, inaloweshwa, kama kila wiki. Hakuna aliyejua kama aitoe au aiache.

Mama alishaingia kutoa ya kwake kabla ya watu kumzuia. Miguu yake imekuwa myekundu mpaka kwenye magoti. Alikuwa anaisugua na majani, anasema inawasha kidogo tu. Si kidogo. Nimemnawisha kwa maji ya kisima, tena na tena, halafu nimemlazimisha aende ku dispensaire, zahanati ya karibu, na jirani yake.

Kabla ya kupanda moto aliniuliza. Hakuuliza kwa kulaumu, aliuliza tu.

"Ile kitu yako ya internet, haiwezi kusema maji imekufa?"

"Haiwezi, Mama. Mpaka muntu mwingine aandike kwanza."

"Muntu gani? Nani anakuyaka huku?"

Kanuni zangu zote, ninazozipenda, zilisimama pale kwenye matope pamoja nami na hazikuwa na la kumwambia mwanamke mwenye miguu ile.

Na bado sitazivunja. Nimewaza njiani kote, juu ya moto, mvua ya manyunyu usoni. Nikiandika ninachokiona mimi, kesho Nuru mwingine ataandika anachokiona yeye, na ukurasa utakuwa soko. Aya ya Faustin imesimama kwa sababu haikutegemea mimi. Na niliahidi mkono wangu usiguse.

Nilichoweza nimekifanya. Nimepiga picha. Picha ninaruhusiwa kutoa. Sijaiweka kwenye ukurasa, nimeipakia kwenye hazina ya picha tu. Maelezo: mto Kasengwe, kijiji cha Mwelwa, asubuhi ya tarehe 20 Machi 2025. Hakuna neno la ziada. Nimeacha na taarifa kwenye majadiliano kwamba picha ipo. Mwenye macho ataona.

Jumamosi, 22 Machi

Hakuna gazeti lililoandika. Faustin alienda jana na chupa zake, amechukua maji. Lakini maabara, halafu makala, halafu wahakiki: mwaka ujao, tukibahatika. Mwanahabari wa redio moja alifika Mwelwa, akazungumza na Mama na wenzake, akasema hatarusha mpaka kiwanda kitoe communiqué, taarifa yake rasmi.

Kwa hiyo kila mtu anasubiri communiqué. Na communiqué za kiwanda, nani anaziandika?

Mchana Myriam amekuja kibandani. Hakukaa. Alisubiri mwanafunzi aliyekuwa anafanya fotokopi atoke.

"Unataka bwana yangu afukuzwe?"

"Alikuambia nini?"

"Yote. Alilia, yaya. Sikuwahi kumuona analia, hata siku ya habari ya Lubero." Alikuwa anashika ukingo wa meza yangu. "Wee uko na mashine yako, uko mwenyewe. Mie niko na bantu mu nyumba. Yule mama mukwe anaamka usiku anatafuta mulango."

"Sikumuandika Kambale popote, Myriam. Na sitamuandika."

"Minajua." Akaachia ukingo wa meza. Sauti ilibadilika. "Ni mie nilimusugua Mama miguu jana. Ngozi inatoka. Usifikiri sioni."

Akaenda. Hakuniaga. Nimekaa na mashine imewaka mbele yangu, sijaandika chochote.

Najiuliza kama ni kiburi. Kama "njia yangu" ni mlango tu wa kujificha nyuma yake wakati wengine wanalipa. Nimejiuliza kwa ukweli, sijapata kwamba ni kiburi. Lakini sijapata pia kwamba wengine hawalipi.

Jumatatu, 24 Machi

Asubuhi, ukurasa wa majadiliano:

"Mimi ni mfanyakazi wa kiwanda kinachotajwa katika makala hii. Ningepaswa kusema mwanzoni. Sitahariri tena. Kuhusu mama wa mhariri mwenzangu, maneno yale hayakuwa na nafasi hapa. Naomba radhi. — Nuru ya Katanga"

Mwandani amemshukuru, kwa sentensi fupi, kama anavyoshukuru kila mtu.

Mimi sikuandika kitu pale. Nimesoma, nimefunga, nimefungua tena. Sikumpigia simu. Yeye pia hakunipigia. Kuna mambo yakisemwa kwa simu yanapungua.

Jumanne, 25 Machi

Ninaandika haya Kambale akiwa hapa, kwenye mashine ya dirishani. Ni alasiri. Aliingia na tai shingoni na viatu vimejaa udongo mwekundu.

"Yaya, nipe mashine. Ku ofisi kila muntu anasoma juu ya bega yangu."

Nilimuuliza ule udongo umetoka wapi. Akasema Mwelwa. Alienda asubuhi, peke yake, bila gari la kiwanda. Kutoka kule akapanda kwenye mabwawa. Alimkuta Mama amekaa mlangoni na bandeji. Mama alimpa karanga. "Hakuniuliza kitu. Karanga tu."

Communiqué inatakiwa jioni hii, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Itasomwa redioni, itatoka gazetini. Patron amempa sentensi ya kuweka: hakuna maji yoyote yaliyotoka kwenye mabwawa yetu. Chini litakuwa jina la Kambale, kama msemaji.

Alikaa, akawasha, akaniita kabla ya kugusa kitufe.

"Ile nitaandika, itakuwa chanzo?"

"Ikichapishwa, ndiyo. Kwa yale kiwanda kinasema juu yake chenyewe."

"Hata kama ni uongo?"

"Wataandika: kiwanda kilisema hivi. Na tarehe. Na nani alisema."

"Na itabaki?"

"Itabaki."

Sikumwambia aandike nini. Nilitamani, Mungu anajua. Lakini nikimtia neno mdomoni, litakuwa langu, halitakuwa lake, na patron ataling'oa kwa mkono mmoja. Nimemwekea maji ya kunywa. Nimerudi kwenye meza yangu, nimechukua daftari hili ili mikono iwe na kazi.

Ameandika Kifaransa kwanza, akafuta. Sasa anaandika Kiswahili. Nasikia vitufe. Vinakwenda, vinasimama. Mteja amekuja na vyeti vya kutoa fotokopi, nimemwomba arudi kesho.

Kutoka hapa nasoma kioo cha mashine yake bila kutaka. "Katika mvua ya jioni ya tarehe 19 Machi, bwawa letu la pili" — halafu hakuna kitu. Ile alama inawaka na kuzima baada ya neno "pili".

Simu yake inatetemeka mezani. Ameigeuza, uso chini.

"Yaya," ameniita bila kugeuza kichwa. "Kwa Kiswahili bora, ni kuvuja ao ni kufurika?"

Nimemwambia ni maneno mawili tofauti. La kwanza ni kidogo kidogo, kwenye ufa. La pili ni maji kupita juu ya ukingo. Nimemwambia mimi sikuliona bwawa. Yeye ametoka kule.

Anatazama viatu vyake. Simu imeanza tena. Ameweka vidole vyote kwenye vitufe, na baada ya "pili" linatokea neno moja: "lilifurika".